Kutoa Mzigo

Sura ya Saba

Sajenti Klementina alifika kwenye ghala la maharage la mfanyabiashara Christopha, mtaa wa Kizwite, saa tatu na robo asubuhi, amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Juni ya Ufipa haimwonei huruma mtu, hata awe polisi. Kwapani alikuwa na jalada la Monika, na jalada hilo lilikuwa limekamilika kabisa isipokuwa kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo aliitwa Jenifer.

"Saa nane mchana jalada liwe kwa mwanasheria wa serikali," Afande Cleophas, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa amemwambia asubuhi ile, kikombe cha chai mkononi. "Msichana anaruhusiwa hospitali leo. Akitoka wodini anaingia mahabusu, kesho mahakamani. Huyo Jenifer ukimpata, vizuri. Usipompata, tunaandika bado anatafutwa."

"Nitampata, afande."

"Kesi rahisi hii, Klementina. Usiifanye ikawa ngumu."

Kweli ilikuwa rahisi. Jumatano ya wiki iliyopita Monika, mchambua maharage wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mwazye, alianguka ghalani huku damu ikimtoka. Mimba ya miezi mitano ikatoka kabla hajafikishwa wodini. Haikupita hata saa moja, msimamizi wa ghala, Isdori, akapiga simu kituoni kwamba kuna mfanyakazi wake ametoa mimba. Klementina alipofika, Isdori alimkabidhi kitochi cha Monika, kisimu chake cha vitufe, kilichookotwa pale alipoanguka. Ndani yake kulikuwa na meseji iliyotumwa Jumanne jioni kwenda kwa Jenifer:

Dada Jeni naomba unisaidie kutoa mzigo kesho. Nimeshindwa kuubeba. Isdori asijue.

Daktari alikataa kuapa kama mimba ile ilitolewa au ilitoka yenyewe. Lakini Klementina alikuwa na meseji, na siku ya pili akapata na maelezo ya kukiri yenye sahihi ya mtuhumiwa. Sheria ilikuwa wazi: miaka saba kwa mwanamke mwenyewe, kumi na minne kwa aliyemsaidia. Na Jenifer alikuwa ametoweka asubuhi ileile ya Jumatano. Kwa Klementina, kutoweka huko peke yake kulikuwa nusu ya ushahidi. Jana ndipo alipopata habari kwamba Jenifer amerudi kazini kana kwamba hakuna lililotokea.

Isdori alimpokea kwenye kiofisi chake cha mbao mlangoni mwa ghala. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye koti zito na tabasamu jepesi.

"Karibu afande, karibu. Kiti hicho hicho chako cha siku ile."

Klementina akaketi, akafungua jalada, akaanza kuandika tarehe. Meza ikayumba, kalamu ikateleza.

"Samahani. Sakafu hii mbovu." Isdori akasukuma kwa ncha ya kiatu karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja wa meza. Meza ikatulia.

"Jenifer yupo?"

"Yupo. Nimwite?"

"Nitamfuata mwenyewe."

"Ya nini kuhangaika? Huko ndani vumbi tupu. Siku ile si tulimaliza mambo hapahapa?"

Ni kweli, siku ile walimaliza mambo hapahapa. Klementina alikuwa ameketi kwenye kiti hiki, akanywa soda ya Isdori, akaandika alichoambiwa na Isdori, akaondoka. Kutoka kwenye kiti mpaka mlango wa ndani wa ghala ni hatua ishirini, na hakuzitembea. Leo aliinuka akazitembea, na Isdori akamfuata nyuma akiongea bila kupumzika habari za baridi.

Ndani, wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa juu ya turubai, maharage mbele yao, wakichambua. Kule mwisho, mpimaji alikuwa amesimama pembeni ya mizani. Alipoona lori linarudi nyuma mlangoni alipiga makofi mawili, akapaza sauti:

"Haya, wa kutoa mzigo! Wa kutoa mzigo wa leo, inukeni!"

Wanawake wawili wakainuka, wakakaza kanga viunoni, wakaenda kwenye rundo la viroba.

Klementina akasimama. "Amesema nini yule?"

"Nani?" Isdori akakohoa. "Ah, kelele za kazi tu hizo. Jenifer yule pale, mwenye kilemba cha kijani."

Lakini Klementina hakumtazama mwenye kilemba cha kijani. Alikuwa akiwatazama wale wawili. Mmoja alichuchumaa, mwenzake akamsaidia kujitwisha kiroba cha kilo hamsini, akainuka nacho mpaka kwenye mizani. Akarudi, zamu ya mwenzake. Kiroba baada ya kiroba. Nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu aliyebaki ofisini hawezi kupaona, kulikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: ZAMU YA KUTOA MZIGO. Chini yake siku za wiki, kila siku majina mawili. Wiki iliyopita ilikuwa bado haijafutwa. Jumatano: Monika, Bertilla.

Aliusoma ubao ule, akausoma tena. Joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni, ndani ya sweta mbili, katika baridi ile. Ilikuwa aibu, na hakujidanganya kuiita kitu kingine.

Akatoa simu akaupiga picha ubao. Kisha akamwambia Isdori, bila kumgeukia, "Nisubiri ofisini."

Jenifer alikuwa mwanamke mrefu, mwenye asili ya Usukumani, ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe wao bonde la Rukwa kabla yeye hajazaliwa. Alimfuata Klementina nje, upande wa jua.

"Jumatano asubuhi ulikwenda wapi?"

"Ilemba, afande. Kwa mama. Saa kumi na moja alfajiri nilipigiwa simu kwamba amezidiwa, nikawahi basi la kwanza. Kule mtandao shida. Nimerudi juzi, amepata nafuu."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Zahanati walimlaza. Kadi yake ninayo hapa." Akaitoa kwenye mkunjo wa kanga. Klementina akaangalia tarehe, akamrudishia.

"Jumanne jioni Monika alikutumia meseji. Ilisemaje?"

"Nimsaidie kutoa mzigo."

"Maana yake nini?"

Jenifer akamtazama kama anayedhani anategewa mtego. "Kutoa mzigo, afande. Ilikuwa zamu yake. Tumbo limeshakuwa kubwa, viroba haviwezi tena. Nikamjibu kwa simu, nikamwambia sawa, mimi nitabeba vyako, wewe kaa uchambue."

"Na hilo la Isdori asijue?"

"Isdori hataki tubadilishane zamu. Akikukamata anakupumzisha wiki nzima bila malipo. Sasa mimi alfajiri ile, na habari za mama..." Akafuta macho kwa kilemba. "Sikumpigia Monika kumwambia siji. Nilisahau kabisa. Yeye alifika akanisubiri, hakuniona, akaingia kubeba. Bertilla ananiambia alibeba vitano, cha sita akaanguka nacho. Mimi ndiye niliyemponza, afande. Kama umekuja kunikamata, nikamate tu."

Watu wawili walikuwa tayari kwenda jela kwa kosa ambalo Klementina ndiye aliyelitunga. Akauliza swali la mwisho.

"Isdori alikuwa anajua kwamba Monika ni mjamzito?"

"Anajua sana. Monika alikuwa na ED. Nesi wa kliniki alimwandikia, na alimpa Isdori mkononi, mimi nimesimama pale. Akamwambia ataishughulikia."

ED Klementina aliijua vizuri. Kila askari anaijua. Ni kile kikaratasi cha daktari kinachosema mtu huyu apunguziwe kazi. Alipokuwa na mimba ya mwanawe wa pili yeye mwenyewe alipewa ED, akatolewa doria, akawekwa kaunta, na Afande Cleophas kwa mkono wake mwenyewe akamletea kiti chenye mto. Alikalia mto ule miezi mitatu. Alipokuwa akimfunga Monika pingu hakuukumbuka hata kidogo.

Isdori alikuwa amekaa nyuma ya meza, tabasamu limepungua.

"Monika alileta ED hapa?" Klementina akauliza.

"ED gani?"

"Karatasi ya kliniki."

"Mimi sijapokea karatasi yoyote. Halafu afande, tuseme ukweli, mimba siyo ugonjwa. Mama zetu walijifungulia shambani, wakafunga mtoto mgongoni, wakaendelea kulima."

"Sheria ya ajira inasema mjamzito asipewe kazi ya hatari kwake wala kwa mtoto, na kama ipo kazi nyingine inayofaa, apewe. Hapa ipo?"

"Hapa kazi ni moja tu."

"Nimeona wanawake thelathini wamekaa chini wanachambua. Hiyo siyo kazi ya kukaa?"

Isdori akavuta koti lake kifuani.

"Kwa hiyo hukupokea karatasi yoyote."

"Sikupokea. Naweza kuapa."

Klementina akaweka kiwiko juu ya meza. Meza haikuyumba. Akaangalia chini, kisha akainama, akaishika karatasi iliyokunjwa na kuivuta. Meza ikalala upande mmoja, kalamu za Isdori zikaviringika sakafuni. Akaikunjua taratibu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina alama ya mguu wa meza katikati, lakini muhuri wa kliniki ulisomeka, na jina lilisomeka, na tarehe ya majuma mawili kabla ya kuanguka kwa Monika ilisomeka. Mjamzito. Asibebe vitu vizito. Apewe kazi ya kukaa.

"Umesema unaweza kuapa," Klementina akasema.

"Nikimtoa yeye kwenye zamu," Isdori akasema polepole, "kesho wote watakuja na karatasi. Nani atatoa mzigo?"

"Hilo neno unalitamka mara ngapi kwa siku?"

Isdori akainama kuokota kalamu zake.

"Unalitamka kila asubuhi. Umeliandika kwa chaki. Ukaisoma meseji ya Monika ukajua kabisa amemaanisha nini. Ukaniletea, ukaniambia, soma mwenyewe afande, ametoa mimba. Ulijua tukiitafuta mimba hakuna atakayeitafuta ED."

"Mimi nilikupa simu tu." Isdori akainua macho, na safari hii hakukuwa na tabasamu. "Hiyo tafsiri uliifanya wewe. Mbona hukuniuliza mzigo ni nini?"

Klementina aliiweka ED kwenye bahasha, akaandika saa na mahali ilipopatikana, akamwambia afunge ofisi waende kituoni akaandikishe maelezo ya kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Habari za ED zitakwenda pia kwa Afisa Kazi.

Alipomaliza kumkabidhi Isdori kaunta ya kituo, hakwenda moja kwa moja kwa Afande Cleophas. Kwanza alijifungia kwenye chumba cha majalada akasoma upya maelezo ya Monika, yale aliyoyaandika kwa mkono wake wodini.

Swali: Ulimwomba Jenifer akusaidie kuutoa mzigo? Jibu: Ndiyo. Swali: Kwa nini? Jibu: Nilishindwa kuubeba. Swali: Ulijua kwamba ni kosa? Jibu: Nilijua. Swali: Jenifer hakutokea. Ukafanyaje? Jibu: Niliutoa mwenyewe.

Na mwisho, juu ya sahihi: Nakiri kwamba niliutoa mzigo (yaani mimba) mimi mwenyewe.

Yaani mimba. Maneno mawili. Monika hakuyatamka. Klementina aliyaongeza baadaye, garini, ili mwanasheria wa serikali asipate shida ya kuelewa. Katika mahojiano yote neno mimba halikutajwa hata mara moja, na sababu yake ilikuwa ya kijinga kabisa: adabu. Mama mzazi wa Monika alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, wazee wengine wako vitanda vya jirani, na Klementina alilelewa katika nyumba ambayo neno hilo halisemwi mbele ya mama. Alipoona binti mwenyewe ameandika mzigo, alishukuru. Akalidandia. Hata wakati wa kumkamata, badala ya kumtajia kosa kama sheria inavyotaka, alisema: uko chini ya ulinzi kwa kosa unalolijua mwenyewe. Na Monika akaitikia kwa kichwa.

Aliingia kwa Afande Cleophas akaweka mezani ED, picha ya ubao na maelezo yale. Mkuu wake alisoma kimya mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye mabano.

"Hili nani aliandika?"

"Mimi, afande."

"Mtuhumiwa alisema?"

"Hakusema."

Cleophas akavua miwani. "Na mimi nililisoma nikalipitisha," akasema. "Nenda kamfungulie. Jalada halitoki. Ukirudi nataka maelezo yako kwa maandishi."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi, vyote vina watu. Monika alikuwa kitanda cha nne, mkono wa kushoto umefungwa kwenye chuma cha kitanda, leso imewekwa juu ya pingu ili zisionekane. Mama yake, Salome, alikuwa anakunja nguo za mwanawe na kuzipanga kwenye mfuko, nguo za kwenda nazo mahabusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Salome akajibu, bila kugeuka.

Klementina akainama karibu na Monika. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na sasa sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Monika. Siku ile nilipokuuliza kama ulijua ni kosa, ulidhani nakuuliza kosa gani?"

Monika akamwangalia kwa mshangao. "La kubeba."

"Kubeba nini?"

"Viroba. Nesi aliniambia nisibebe. Aliandika kabisa. Mimi nikabeba." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo moyoni mara nyingi. "Nilijua nina mtoto tumboni na bado nikajitwisha. Kwa hiyo aliyemuua ni mimi. Siyo ndiyo sababu mmenifunga?"

Siku saba. Siku saba binti huyu alilala amefungwa kitandani akiamini kwamba serikali nzima, pamoja na daktari, pamoja na polisi, imekubaliana naye kwamba amemuua mwanawe kwa kubeba maharage. Klementina alishika chuma cha kitanda. Aliona aibu kiasi kwamba alitamani aliyekuwa amefungwa pale awe yeye.

"Hapana," akanong'ona. "Siyo hiyo. Nilidhani umetoa. Nilidhani mzigo ni... Nilikosea. Daktari mwenyewe hajui kwa nini imetoka, na wewe huwezi kujua. Wa kubadilishiwa kazi ulikuwa wewe, na aliyekataa siyo wewe. Karatasi yako nimeiona." Akafungua pingu. Mkononi palibaki mstari mwekundu, na Monika akaanza kuusugua, machozi yanamtoka bila sauti.

"Wewe afande."

Salome alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Siku ile ulipokuja, pingu zililia wodi nzima ikasikia. Ukasema yuko chini ya ulinzi, wodi nzima ikasikia. Jumapili wanajumuiya wenzangu walikuja kutuombea. Walifika pale mlangoni, wakaona pingu, wakageuza. Hakuingia hata mmoja." Hakuwa amepaza sauti, lakini maongezi kwenye vitanda vya jirani yalikuwa yamekoma. "Leo mbona unanong'ona?"

Klementina akatazama huku na huku. Wagonjwa, wauguzaji, muuguzi mwenye sinia la dawa, wote walikuwa wanamtazama. Akasimama wima kama kwenye gwaride. Lilibaki lile neno ambalo halisemwi mbele ya mama, na mama alikuwa amesimama mbele yake analisubiri.

"Monika hakutoa mimba," akasema. "Mimba ilitoka. Alikuwa amepewa kazi ambayo hakupaswa kupewa. Nilimfunga bila kosa. Kosa ni langu mimi, Sajenti Klementina."

Salome alichukua ile leso iliyokuwa juu ya pingu, akaikung'uta, akajifunga kichwani.

"Rudia," akasema. "Bibi wa kitanda cha mwisho hasikii vizuri."

Klementina akarudia.